Bwana Mkubwa na Kofia ya Maua

Tsui-lai alikuwa akimwonea wivu samaki. Msicheke. Mwanamume mzima, mwenye bwawa lake na pampu zake na heshima yake hekaluni, alikuwa akikaa kwenye tuta na ndoo tupu mapajani, ananung'unika kwamba mke wake anampenda chewa kuliko anavyompenda yeye.

Na tuseme ukweli, sababu alikuwa nayo. Lan-hiong, mkewe, alimlea chewa yule tangu akiwa na ukubwa wa punje ya harage. Mwaka ule vifaranga vilikuwa vinalana, maana chewa ndivyo walivyo: wakishaacha kula vijidudu vya majini na kuanza kuota meno, wa kwanza kutiwa mdomoni ni ndugu. Kikulacho ki nguoni mwako, kwa chewa si msemo, ni chakula cha mchana. Ukichelewa kuwatenga wakubwa na wadogo unakuta beseni limebaki na samaki wachache walionona, mikia ya ndugu zao inachungulia midomoni. Lan-hiong alikuta kimoja kimemmeza mwenzake nusu kikakwama, hakiwezi kumtema wala kummaliza. Tsui-lai akasema kitupwe. Lan-hiong akakaa juu ya ndoo, akamchomoa yule mwenzake taratibu kwa kibano cha nyusi, kisha akakitia kile kilafi kwenye beseni lake la kufulia.

"Hicho kina roho ya ulafi," Tsui-lai alisema. "Kitatumalizia wenzake wote."

"Na wewe je? Ulipokuja kuniposa ulimaliza bata mzima mbele ya baba yangu. Mbona sikukutupa?"

Basi kile kifaranga ndicho kilichokuja kuwa Bwana Mkubwa. Ila hakuanza kwa jina hilo. Chewa wote huanza majike, hata aje kuwa na mabavu vipi, na kwa miaka mingi samaki yule aliitwa Bi Mkubwa, akataga mayai kama wenzake. Msimu mmoja, akiwa amewapita wote kwa ukubwa, tumbo lake likabana, mayai hayakuonekana. Walipomkamata na kumbonyeza kidogo, yakatoka maji meupe ya dume. Lan-hiong alicheka mpaka akakaa matopeni. "Jamani! Bi Mkubwa wetu kaota ndevu!" Tangu siku ile akawa Bwana Mkubwa, dume pekee la bwawa zima, na kwa kuwa nyumba moja haibebi mabwana wakubwa wawili, Tsui-lai akawa Bwana Mdogo.

Jina hilo la Bwana Mdogo lilikuwa la pale pale tutani, la wao wawili. Halikuvuka hata kufika barabarani. Mbele za watu Lan-hiong alimwita mumewe baba Ling-ju, kwa jina la binti yao anayefanya kazi mjini Taichung. Sisi majirani hapa Jiadong, ambao hujisifu kwamba tunajua hata paka wa nani amekula nini, hilo hatukulijua.

Kila alasiri Lan-hiong alivaa kofia yake ya ukili, ile iliyoshonewa kitambaa cha maua mekundu kinachofunika mashavu na shingo, kama wanavyovaa wanawake wote wa mabwawani na wa mashamba ya matufaa. Akavuta mikono ya kitambaa mpaka juu ya viwiko, akachukua ndoo. Ndani mlikuwa na vibua waliokatwa vichwa, na ngisi. Msimu wa kutaga ukikaribia, vibua alipunguza na ngisi akaongeza, kwa sababu chewa akinona sana, mafuta hukaa mahali pa mayai. Vidonge vya nguvu alivificha ndani ya matumbo ya ngisi kama anayemdanganya mtoto mgonjwa. Akifika ukingoni aliinama, akapiga maji kwa kiganja, na Bwana Mkubwa akapanda kutoka chini, mpana kama nguruwe wa sherehe, akafungua lile pango lake na kufyonza ngisi kutoka mkononi bila kumgusa hata kidole.

"Bwana Mkubwa amekula!" Lan-hiong alitangaza.

"Na Bwana Mdogo je? Huyo hakuna anayemuuliza."

"Bwana Mdogo ana mikono."

Kwetu watu wakikutana, kabla ya habari za mvua na za watoto, huulizana, "Umeshakula?" Ndiyo salamu yetu. Tsui-lai alikuwa akidai kwamba katika ndoa yake yote salamu hiyo hupewa samaki. Alilisema kwa utani, lakini utani mwingine una mwiba ndani yake, na mwiba wa huu aliujua mwenyewe.

Ugonjwa ulimshika Lan-hiong kwenye ini, na haukumchukua muda. Hospitali kule Pingtung walimpa kitanda karibu na dirisha. Siku aliyokata roho, Tsui-lai alikuwa ameshika mkono wake, anamngoja aseme neno. Akafumbua macho, akamtazama sawasawa, akauliza, "Bwana Mkubwa amekula?"

"Amekula," Tsui-lai akajibu.

Akafumba macho, ikawa basi. Loo! Mwanamume akatoka pale na majonzi mawili. La kwanza tulilijua wote. La pili lilikuwa aibu kulisema: maisha yote ya pamoja, na neno la mwisho likawa la samaki.

Tulimzika Lan-hiong inavyopaswa. Nguo zake zote tulizichoma ili zimfike huko aliko, maana maiti hatumwachi aende akazubae uchi mbele za wageni. Kim-tsu, dada yake mkubwa, alisimamia moto mwenyewe. Alitia magauni, viatu, miwani, hata shuka aliyoipenda. Kofia ya maua hakuiona, akadhani imekwenda pamoja na vitu vya hospitali. Kumbe Tsui-lai alikuwa ameificha nyuma ya pampu.

Hakuificha kwa ajili ya samaki, jamani. Ilikuwa na harufu ya jasho lake. Lakini wiki ile ile akaona kwamba Bwana Mkubwa hapandi. Majike walikuja mbio, wakagombania vibua, maji yakachafuka. Dume likabaki chini kama jiwe. Tsui-lai akapiga maji kwa kiganja mpaka kikawasha. Wapi! Siku baada ya siku ngisi wa Bwana Mkubwa walizama, wakaliwa na wengine. Ndipo alasiri moja akaitoa ile kofia nyuma ya pampu, akaivaa, akafunga kitambaa mashavuni, akavuta mikono ya shati lake, akainama pale pale alipokuwa akiinama mkewe.

Bwana Mkubwa akapanda. Alikaa kwanza chini kidogo ya uso wa maji, akatazama kwa jicho moja, kisha akafungua mdomo.

Tsui-lai alilia ndani ya ile kofia kwa sauti, mdomo wazi, hakujali nani anasikia. Na aliyesikia ni Bok-sing, jirani wa bwawa la pili, ambaye Mungu alimnyima kila kitu ila ulimi.

"Ajabu ya leo!" Bok-sing alipaza sauti, shavu limejaa popoo. "Chewa huanza jike akawa dume. Wewe, kaka, mbona umeshika njia ya kurudi?"

Kijiji kizima kilicheka wiki nzima, na mimi nilicheka. Kila alasiri Tsui-lai alivaa kofia, akalisha. Mwezi ulipoandama, chewa walianza kuzunguka bwawani jioni, dume mbele, majike wenye matumbo yaliyojaa nyuma yake. Asubuhi wavu wa mayai ukajaa: mayai maangavu, madogo kuliko ulezi, yanaelea. Mabovu huzama, mazima huelea. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na aliyeviunda ni Bwana Mkubwa. Tsui-lai alisimama na kikombe cha mayai mkononi, akasema peke yake, "Umeona, mama Ling-ju? Sijamwacha."

Kisha Kim-tsu akaota.

Alikuja asubuhi na mapema, nywele hazijachanwa, akamkuta shemeji yake anakata ngisi. "Shemeji, nimemwota Lan-hiong. Amesimama kwenye jua kali, mahali hapana hata kivuli cha nguzo. Amejiwekea kiganja utosini. Ananiambia, 'Dada, kichwa kinaniungua. Kofia yangu iko wapi?'"

Kisu cha Tsui-lai kilisimama.

"Shemeji, sote tunakuona umeivaa," Kim-tsu akasema. "Mimi nilinyamaza, nikasema mwacheni, ana msiba. Lakini sasa mwenyewe ameidai. Mtoto wa mama yangu aungue utosi kwa ajili ya samaki?"

"Kwa nini asije kwangu?"

"Nini?"

"Mwenye kofia ni mimi. Kama anaitaka, kwa nini asinijie mimi? Amekujia wewe mara ngapi?"

Kim-tsu akatazama pembeni. "Mara tatu."

"Mara tatu! Mimi hata kivuli chake sijakiona."

"Anayelala ndiye huota, shemeji," Kim-tsu akasema, sasa kwa upole. "Wewe unalala?"

Hakuwa akilala. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya samaki wa jana. Alimpigia binti yake simu, akitumaini labda msomi huyo wa Taichung atasema ndoto ni ndoto. Ling-ju akavuta kamasi. "Baba, mpe mama kofia yake. Mama hakuwa anavumilia jua."

Siku ya mia ya msiba, tuliposimamisha meza ya sadaka uani, Tsui-lai alichukua vile vipande viwili vya mti tunavyopigia bao kuwauliza wafu. Kimoja kikilala chali na kingine kikifudikia, marehemu amekubali. Vyote vikifudikia, amekataa. Vyote vikilala chali, anakucheka. Akapiga magoti mbele ya picha ya mkewe, akauliza kwa sauti ndogo, lakini sote tulisikia:

"Mama Ling-ju, niachie mpaka msimu wa mayai uishe. Halafu nitakuletea mwenyewe."

Akarusha. Chali vyote. Anacheka. Akarusha tena. Chali. Hata Bok-sing alitabasamu, kwa sababu ilikuwa ni Lan-hiong kabisa, kucheka mtu anapomwomba jambo la maana. Mara ya tatu vikafudikia vyote.

"Basi niachie mwezi mmoja."

Vikafudikia.

Alikaa pale pale, vipande mkononi. Sote tulijua anachopima. Kofia ikienda, samaki hali. Samaki asipokula, kile mkewe alichokiacha kinachopumua ndicho hicho kinakwisha. Kofia ikibaki, mkewe yumo juani. Nani angependa kuulizwa swali hilo? Mimi nisingependa.

"Unaitaka leo?" akauliza mwishoni.

Kimoja kikalala chali, kingine kikafudikia. Hakuuliza mara ya pili. Alikwenda nyuma ya pampu, akaileta, akainusa mbele za watu bila haya, kisha akaiweka yeye mwenyewe kwenye moto wa karatasi za sadaka. Ukili ulishika mara moja. Kitambaa cha maua kilichelewa kidogo.

"Vaa vizuri," alisema. "Funga na shingo."

Alasiri ile alishuka bwawani kichwa wazi. Bwana Mkubwa hakupanda. Kesho yake Tsui-lai alikwenda soko la Donggang, akanunua kofia ya ukili na kitambaa cha maua mekundu, yale yale, akakaa akikishona mwenyewe mpaka vidole vikatoboka. Samaki akapanda nusu ya maji, akatazama, akashuka. Labda kofia mpya ilimeta kupita kiasi, labda ilikosa ule mkunjo wa upande wa kushoto, sijui. Samaki hasemi. Tsui-lai alimletea ngisi waliovuliwa alfajiri hiyo hiyo. Alimletea kaa hai na kamba wanaorukaruka. Aliingia mpaka kifuani na kumsogezea chakula mdomoni. Bwana Mkubwa alikuwa akigeuza kichwa polepole, bila hasira, kama mgonjwa anayekataa kijiko.

"Kula, kaka," Tsui-lai alimbembeleza. "Usinifanyie hivi. Nitamwambia nini?"

Mgongo wa samaki ulianza kuchongoka, kichwa kikaonekana kikubwa kuliko mwili. Jioni za mwezi mwandamo majike walizunguka, matumbo yamejaa, dume halikwenda mbele yao. Mayai waliyatoa bure. Asubuhi yalikuwa chini ya wavu, meupe, yamezama yote. Tsui-lai aliyachota kwa kikombe, akayamwaga shimoni, akayachota tena mwezi uliofuata.

Bwana Mkubwa alikufa katika siku za joto, matufaa yamekwisha mitini. Tsui-lai alimkuta ameelea kwa ubavu karibu na mahali pa kulishia. Bok-sing ndiye aliyekuja kusaidia kumvuta. Samaki wa namna ile, hata akikonda, kichwa chake pekee kinatosha supu ya tangawizi ya ukoo mzima, na watu wa mjini wangempigania. Bok-sing alifungua mdomo kusema, akamtazama mwenzake, akaufunga, na hiyo ndiyo heshima kubwa niliyowahi kumwona akimpa mtu. Walimchimbia shimo chini ya mtufaa ulio nyuma ya nyumba, wakamfukia na kofia mpya juu yake.

"Usihuzunike sana, kaka," Bok-sing akasema wakiosha majembe. "Bwawa halikai bila dume. Hapa mmoja wa majike, yule mkubwa kuliko wenzake, ataanza kugeuka. Msimu mmoja, miwili, utaona."

"Hilo ni bwawa," Tsui-lai akajibu. "Nyumbani kwangu nani atageuka Lan-hiong?"

Bok-sing alitema popoo, akalia naye.

Baada ya hapo Tsui-lai aliacha kula. Hakutangaza, hakugoma, aliacha tu, kama mtu aliyesahau njia ya kwenda jikoni. Kim-tsu alimpikia uji wa wali na viazi vitamu, akauweka mezani kila asubuhi. Jioni akija, anakuta uji umeganda na sisimizi wamefunga safari. Alimgombeza. Alimwambia anamwaibisha Ling-ju, watu watasema amemtupa baba yake. Alimtisha na hospitali. Mzee alimtazama tu kwa adabu.

"Mimi nilimwambia amekula," alisema siku moja, ghafla. "Pale hospitali. Aliniuliza, nikasema amekula. Ilikuwa uongo, shemeji. Siku ile hakuna aliyekwenda kumlisha. Hilo moja tu aliloniomba, nimeshindwa. Ndiyo maana haji kwangu."

Kim-tsu akaondoa bakuli la jana, akaweka la leo, akaenda zake.

Asubuhi ya pili alirudi mapema. Alikuta Tsui-lai amekaa mezani, uji mbele yake, mikono mapajani. Akavuta kigoda, akakaa bila kusalimu.

"Nimemwota tena. Safari hii amevaa kofia yake, amefunga mpaka shingoni. Amebeba ndoo. Nikamwambia, 'Mdogo wangu, nisamehe, samaki wako amekufa.' Akacheka. Akasema, 'Najua, dada. Huyu hapa, ameshakula.'"

Tsui-lai akaitikia kwa kichwa. "Sawa. Sawa basi. Samaki wake anaye."

"Sijamaliza. Akanishika mkono, akaniuliza kitu ambacho mimi sikukielewa, nimekuja kukuuliza wewe." Kim-tsu alikunja uso. "Aliniuliza, 'Bwana Mdogo amekula?' Nikamwambia Bwana Mdogo ndiye nani? Akasema, 'Ulizia tu. Mwambie nangoja jibu.' Shemeji, bwawani kulikuwa na samaki mwingine mnayemwita hivyo?"

Tsui-lai aliweka mikono yote miwili juu ya meza, akaitazama, kisha akalia kilio ambacho Kim-tsu hakuwa amekisikia hata siku ya mazishi, mpaka bakuli likacheza mezani. Kim-tsu aliogopa, akasimama, akamshika mabega. "Nimesema nini? Shemeji, nimesema nini?"

"Mwambie amekula," Tsui-lai alisema alipopata sauti. "Akija tena, mwambie Bwana Mdogo amekula."

"Mimi marehemu simdanganyi. Niambie kwanza huyo ni nani na amelishwa lini."

Tsui-lai alivuta bakuli. Uji ulikuwa umepoa, umefanya utando juu. Alishika kijiko, akapasua ule utando, akala huku analia, kijiko baada ya kijiko, machozi na viazi pamoja, mpaka akafika chini. Kisha akalisukuma bakuli tupu mbele ya shemeji yake ili alione vizuri.